Jakuzi la Isyesye na usingizi wa Mwalimu

Kwa Wanyakyusa, salamu ni swali la usingizi. "Ugonile?" Umelala? Kwa mtu mzima unasema "Mugonile", na mimi, Mbena wa Njombe niliyeolewa hapa Isyesye, Mbeya, nilijifunza neno hilo kwa ajili ya jirani mmoja tu, mwalimu mstaafu ambaye ukuta wa fensi yake na wa kwangu ni mmoja. Miaka saba nimekuwa nikimsalimia hivyo asubuhi nikitoka kutupa takataka, naye ananiitikia huku akicheka matamshi yangu. Halafu Jumatatu moja ya Juni mwaka jana nikamwambia, "Mugonile, Mwalimu," akasimama, akaegemea fagio lake, akanijibu kwa Kiswahili.

"Hapana, mwanangu. Sikulala."

Nikadhani presha. Nikamuuliza kama ameshapima. Akatikisa kichwa, akaonesha ukuta kwa kidevu. "Kuna kitu kinavuma humo ndani. Tangu Ijumaa."

Ijumaa ndiyo siku tuliyowasha jakuzi.

Nieleze lilivyofika. Kazi yangu ni ya kusimama, duka la dawa, saa tisa kwa siku, na mgongo wangu umechoka kabla yangu mimi. Aliyekuwa akininyoosha aliniambia maji ya moto yatanisaidia, tena si ya kujimwagia, ya kukaa ndani. Basi mgeni mmoja aliyekuwa anamaliza mkataba wake hapa mjini akatangaza anauza vitu: friji, baiskeli, makochi, na jakuzi la kujaza upepo, likiwa bado ndani ya boksi lake. Mume wangu aliuliza mara tatu kama nina uhakika. Watoto wa mtaa walipoliona limejaa walisema ni sufuria la kupikia watu.

Kwa asiyewahi kuliona: ni beseni kubwa la plastiki nene, kuta zake zinajazwa upepo kama tyubu ya gari, linachukua lita 800 hivi, yaani ndoo 40 za lita 20. Pembeni linakaa pipa dogo la mashine, kimo cha stuli, lenye vitu vitatu ndani: pampu ya kuzungusha maji yapite kwenye chujio, hita ya kilowati 2, na blowa inayopuliza mapovu. Kila kimoja kina sauti yake. Mimi nilidhani ni sauti moja, na kwa sababu hiyo nilipoteza karibu mwezi mzima nikitibu ugonjwa ambao siyo.

Sasa, Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni maji ya bomba yanauma meno. Siku ile kipimo cha mashine kilisoma nyuzi 15. Niliwasha Ijumaa saa kumi jioni nikitegemea baada ya chakula cha usiku tutakuwa ndani. Saa nne usiku yalikuwa hayajafika hata 25. Tukaacha imewashwa, tukaenda kulala. Nyuzi 38 ilizifikia Jumamosi saa mbili asubuhi. Saa 16, na LUKU ilikula uniti kama 32, zaidi ya shilingi 11,000. Na hita haiwaki kama maji hayatembei, kwa hiyo pampu nayo ilizunguka saa zote hizo, na Jumamosi usiku, na Jumapili usiku, ili maji yasipoe.

Kwangu mimi haikuwa kelele. Nilisimama kando yake nikaona inavuma kama friji. Chumbani kwetu, upande wa pili wa nyumba, hukusikia chochote. Ndiyo maana Mwalimu aliponiambia nilimwitikia kwa adabu, lakini moyoni nikasema wazee husikia mengi.

Jioni ile Bibi, mkewe, akaniita. "Njoo, mama. Ingia. Usione haya, njoo usikie mwenyewe."

Chumba chao cha kulala kiliongezwa baadaye, na kama ilivyo kawaida yetu, waliokoa tofali kwa kukiegemeza kwenye ukuta wa fensi. Ukuta wa nyuma wa chumba ndio fensi yenyewe. Na upande wangu, fundi aliyenimwagia zege la uani alilimwaga hadi likagusa msingi wa ukuta huohuo, na mimi nikaweka jakuzi juu ya zege hilo, kwenye kona, ili upepo wa mlima Loleza usitupige. Kichwa cha kitanda cha Mwalimu na mashine yangu vilikuwa vimetengana mita mbili na tofali moja.

Bibi akanishika kiganja akakibandika ukutani. Ukuta ulikuwa unatetemeka, kidogo, kama tumbo la paka anayekoroma. Halafu akanionesha stuli iliyo kando ya kitanda. Juu yake palikuwa na glasi ya maji yenye meno ya bandia ya Mwalimu, na glasi imegusa ukuta. Ukisogeza sikio unayasikia meno yakigonga kioo: ti-ti-ti-ti-ti, bila kupumzika. Juu ya maji kulikuwa na viduara vidogo vinavyokimbizana.

"Anaamka," Bibi akasema, "anaisogeza glasi. Meno yananyamaza. Lakini ukuta haunyamazi."

Nilirudi nyumbani nikaizima palepale, mgongo wangu na maji ya moto ya uniti 32 vikabaki vinatazamana.

Mume wangu akasema hatuna kosa, hatujapiga muziki, sheria za kelele ni za mabaa. Nikamwambia aisome tena. Kanuni za mwaka 2015 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zinataja kelele na mitetemo, vyote viwili, kuanzia kwenye jina lake. Lakini kusema kweli si sheria iliyonisumbua. Mwalimu angeweza kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaitwa mjumbe, tukakalishwa kikao. Hakwenda. Alivumilia usiku tatu akingoja nimsalimie.

Nikaanza kuhangaika. Kwanza niliivika mashine blanketi zito la Makete, lile la kumfunika mgonjwa. Sauti ya juu ilipungua kweli. Baada ya nusu saa mashine ikazima yenyewe, ikaandika herufi na namba kwenye kioo chake, na nilipoifunua ilikuwa ya moto kama pasi. Ile ni mashine inayopumua. Ina matundu ya kuvuta hewa na ya kutoa joto, na mimi nilikuwa nimeiziba pua. Ningeweza kuiunguza. Tafadhali asifanye mtu hivyo.

Kijana mmoja anayerekodi kwaya akanishauri trei za mayai. Nikakusanya trei 30 kwa muuza chipsi, tukazigandisha ukutani kote. Hazikufanya kitu. Trei zinapunguza mwangwi kidogo wa sauti nyembamba ndani ya chumba. Sauti nene haina habari nazo. Wewe mwenyewe unajua, ukilala usiku mbali na baa za Kabwe husikii maneno ya wimbo, wala gitaa, unasikia besi tu: du, du, du. Nyembamba imeishia njiani, nene imepita kuta za nyumba ishirini. Mvumo wa pampu uko kwenye ukoo huo wa besi.

Zilipolowa, trei zikawa uji. Nikaenda kwa seremala.

Huyo alinitengenezea boksi zuri sana la mbao za paini, lenye bawaba na kitasa. Shilingi 45,000. Tulipoifunika mashine na kuiwasha, mume wangu akacheka hadi akakaa chini. Boksi lilikuwa limegusa mashine pembeni na zege chini, na mbao nyepesi zilizozungushia uwazi ni nini kama si ngoma? Ilivuma kuliko mwanzo. Boksi lile sasa ni banda la sungura, na sungura hawajalalamika.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa mashine za kusaga. Alikuja dukani kununua dawa ya mafua, nikamsimulia kama mtu anayesimulia msiba. Akanisikiliza, akauliza swali moja: "Imekaa juu ya nini?"

"Zege."

"Na zege limeshika nini?"

"Ukuta."

"Sasa mama, unaifunika ya nini? Mashine ya kusaga ukiifunga kwenye sakafu ya nyumba, nyumba nzima inasaga. Sauti yako haipiti hewani. Inatembea kwa miguu."

Nikaona aibu kidogo, maana kiganja changu kilikuwa kimenieleza jambo hilohilo wiki tatu nyuma, ukutani kwa Bibi, sikukielewa.

Alikuja Jumamosi na grenda. Nilikwenda kwa Mwalimu siku moja kabla kumwambia kwamba kesho, kutwa nzima, kutakuwa na kelele mbaya kuliko zote, ili kelele ziishe. Akasema, "Haya, nitakwenda Tukuyu kumwona dada." Fundi akakata zege sambamba na ukuta, ufa wa upana wa vidole viwili, kutoka juu mpaka kwenye udongo, akauacha wazi, akaonya tusiujaze zege tena wala kokoto. Ukuta na uwanja vikaachana. Kisha nikatumwa Mwanjelwa kwa washona katambuga kununua vipande vya tairi. Alichagua vile vya pembeni mwa tairi, vinavyonesa, akavikataa vya katikati vyenye nyaya. Akapanga vipande vinne chini, juu yake kigae kizito cha zege cha sentimita 50 kwa 50, juu yake vipande vinne tena, halafu mashine. Raba, uzito, raba. Akasema uzito wa katikati ndio unaochosha mtetemo. Raba peke yake ingerukaruka. Mabomba mawili yanayounganisha mashine na beseni akayaangalia yasiguse ukuta popote. Chini ya beseni lenyewe tukatandika magodoro membamba ya sponji, na hayo yakatusaidia mara mbili, kwa sababu zege la Juni lilikuwa likinyonya joto la maji kama mtoto anayenyonya.

Kazi yote, raba na kigae humo humo, haikufika hata bei ya boksi la sungura.

Nilitaka kulihamishia jakuzi mbali kabisa, ng'ambo ya ua. Lakini upande ule kuna shimo la choo, na lita 800 ni kilo 800, ongeza watu wanne, unazungumzia zaidi ya tani moja juu ya mfuniko uliotengenezwa kubeba kuku. Tukalitoa kwenye kona tu, mita mbili na nusu. Hata hiyo ilifaa. Kona ya kuta mbili inarudisha sauti kama kiganja kilichozungushiwa mdomo, na mimi nilikuwa nimeielekeza kwa Mwalimu. Matundu ya mashine tukayageuzia jikoni kwangu. Nyuma yake tukajenga kijiukuta cha tofali za kuchoma, umbo la L, kimo cha kiuno, bila kugusa mashine, wazi upande wa kwetu ili ipumue. Tofali ni nzito, na sauti inaheshimu uzito. Mbao za paini haziheshimu.

Saa tatu usiku nikabisha kwa Bibi. Aliisogeza glasi mwenyewe hadi ikagusa ukuta, tukainama wote wawili, vichwa vimegusana. Meno yalikuwa yametulia kwenye maji kama samaki waliolala. Bibi akabandika kiganja ukutani, akakitoa, akakibandika tena.

"Umeiwasha kweli?"

Ilibidi nimpigie simu mume wangu aizime na kuiwasha mara mbili ndipo akaamini. Hewani bado kulikuwa na kitu, ukisimama dirishani unakisikia. Simu yangu ina programu ya kupima desibeli, na ingawa namba za simu si za kuapia, zinafaa kulinganisha leo na jana: dirishani kwa Mwalimu ilikuwa imeshuka kwa desibeli 9. Lakini mimi namba yangu ni ile glasi.

Hata hivyo usiku nazima. Hilo nililiamua mwenyewe, hakuniomba mtu. Saa mbili usiku plagi inatoka, asubuhi saa tatu inarudi. Niliogopa maji yangekuwa barafu, kumbe yakifunikwa vizuri, na lile blanketi la Makete likiwa juu ya mfuniko badala ya juu ya mashine, yanalala nyuzi 38 yanaamka 32. Saa nne za mchana zinatosha kuyarudisha, na mchana hewa yenyewe ina huruma. Mashine ina taima yake, lakini umeme ukikatika inasahau kila kitu, hivyo natumia mkono.

Na maji mapya siyaanzishi tena na hita. Tuna pipa la lita 200, tunalijaza robo tatu na kulichemsha uani kwa kuni za milingoti. Kwa mwinuko wa Mbeya maji huchemka kabla ya nyuzi 100, kwenye 94 hivi, lakini ni moto wa kutosha kabisa. Baridi kwanza ndani ya beseni, moto baadaye, taratibu, katikati. Ukitanguliza ya moto unailainisha plastiki na mishono inaachia. Tukimaliza kumimina kipimo kinasoma 28, na pampu inadaiwa nyuzi 10 tu badala ya 23. Saa saba za mchana. Dawa kubwa ya kelele niliyowahi kuipata ni hiyo ya kuipunguzia mashine saa za kazi, na inashangaza kwamba fundi seremala, kijana wa trei na mimi mwenyewe hakuna aliyeifikiria.

Kuna wiki moja ya Agosti mvumo ulibadilika ukawa mkoromo, kama mtu anayevuta soda ya mwisho kwa mrija. Nikakimbilia raba, raba ni nzima. Ilikuwa chujio. Tulikuwa tunaingia na mafuta yetu ya baridi mwilini, na nani Mbeya anatoka bila kujipaka mafuta Juni hadi Agosti? Yote yaliishia kwenye chujio, likaganda, pampu ikawa inavuta hewa. Sasa kila mtu anaoga kwanza kwa sabuni, na chujio linasuuzwa kila baada ya siku mbili.

Blowa ya mapovu sijaiweza. Hiyo ni feni inayopiga kelele waziwazi, haifichi, na hakuna raba ya kuituliza. Tunaiwasha dakika kumi jioni, kabla ya taarifa ya habari, basi. Nilidhani hapo nimemaliza.

Septemba, Mwalimu akanisubiri kwenye takataka. Nikamsalimia, "Mugonile." Akajibu vizuri, kwa Kinyakyusa, amelala. Halafu hakuondoka. Akafagia mahali palepale ambapo alishafagia.

"Mwanangu, hiki kitu cha mapovu."

"Kinawasumbua, Mwalimu? Nikiache?"

"Hapana, hapana. Ila mkikiwasha mnapaza sauti."

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikaelewa, na joto likanipanda shingoni kuliko la maji yoyote. Blowa iko karibu na masikio yetu. Inatuziba. Basi mimi na baba watoto, ili tusikilizane, tunapiga kelele kama watu walio kando ya barabara ya malori, na tunazungumza yetu yote tukijua hatusikiki, kwa sababu sisi wenyewe hatusikii kitu. Mwalimu yuko mita tano, kwenye kiti chake, na kwake blowa ni mvumo wa mbali unaopita chini ya maneno yetu. Anasikia kila neno. Nikapitisha haraka kichwani mambo ya miezi miwili: mawifi zangu, mkopo, madeni ya duka, na mengine ya mke na mume.

"Sikutaka kusikiliza," akasema, akiangalia fagio. "Lakini kile kiwanja cha Uyole. Mlisema milioni nane."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kile cha karibu na daraja, chenye mwembe?"

"Ndicho."

"Msikichukue. Nilimfundisha baba wa huyo anayewauzia. Kile wanagombea ndugu watatu."

Tulikuwa twende kulipa nusu Alhamisi ile.